Krismasi Isile Mshahara Wetu: Tukodi Gari kwa Pamoja

Kila mwaka ifikapo Desemba hutokea jambo ambalo sasa tumelizoea kana kwamba ni mvua au kiangazi. Mkata miwa aliyefanya kazi mwaka mzima, na mwenzake wa kiwandani aliyesimama mbele ya mashine usiku na mchana, hupokea mshahara wa mwisho wa mwaka, hufunga mizigo, huchukua mke na watoto na kwenda stendi ya mabasi. Hapo anaambiwa kwamba nauli aliyoijua mwezi Novemba haipo tena. Bei imepanda, pengine imekaribia mara mbili, na anayepiga debe anamwambia wazi: "Mzee, hutaki, acha. Nyuma yako wako wengine."

Na kweli wako wengine. Hapo ndipo penye shida yetu. Tunakwenda stendi maelfu, lakini kila mmoja anakwenda peke yake. Mwenye basi ni mmoja, naye anazungumza nasi mmoja mmoja. Kazini tulikwisha kukataa kupatana mshahara kwa njia hiyo. Kwa nini basi tukubali kupatana nauli kwa njia hiyo?

Maoni yangu ni haya: matawi yetu yakodi magari ya sikukuu kwa pamoja, mapema, na kwa mkataba ulioandikwa. Hilo si jambo la starehe bali ni jambo la mshahara, kwa sababu shilingi iliyopatikana kwa majadiliano na mwajiri ikimezwa stendi kwa siku moja, ni sawa na shilingi ambayo haikupatikana kamwe.

Tuangalie hali yetu ilivyo. Mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira, pamoja na viwanda vya Jinja, tangu zamani yamechukua watu wengi kutoka mbali, hasa ndugu zetu wa West Nile. Kutoka Jinja mpaka Arua ni karibu kilomita 560: unapita Kampala, Luweero, Kiryandongo, unavuka Nile kwenye daraja la Karuma, kisha Pakwach na Nebbi. Reli ilifika Pakwach mwaka 1964, na wazee wanakumbuka walivyosafiri kwa treni. Leo hakuna treni ya abiria inayokwenda huko. Serikali nayo haipangi bei ya nauli za mabasi; kila mwenye gari huweka bei aonavyo soko. Kwa hiyo mfanyakazi hana kimbilio jingine ila barabara, na barabarani hana kinga nyingine ila umoja.

Sasa tufanye hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kila tawi litaweka za kwake. Tuseme nauli ya siku za kawaida ni shilingi 60,000, na ya wiki ya Krismasi ni 110,000. Baba, mama na watoto watatu wanaokalia viti ni watu 5. Siku za kawaida wangelipa 300,000 kwa safari moja. Wiki ya Krismasi watalipa 550,000. Na hiyo ni kwenda tu.

Tuhesabu upande wa mwenye basi pia, maana asiyejua gharama za mwenzake hawezi kupatana naye. Basi kubwa hutumia takriban lita 1 ya dizeli kwa kilomita 3. Kwa kilomita 560 ni kama lita 187. Wiki ya Krismasi watu wote wanapanda kwenda nyumbani na wachache tu wanashuka kuja Kampala, kwa hiyo basi litarudi karibu tupu, na mwenyewe anataka sisi tulipie marejeo hayo. Hizo ni lita 374. Dizeli ikiwa shilingi 5,000 kwa lita, mafuta peke yake ni 1,870,000. Ongeza madereva wawili, utingo, matairi, uchakavu wa gari na faida ya mwenyewe. Akitaka 4,500,000 kwa basi la viti 60, kila kiti kinakuwa 75,000. Mtu mmoja ameokoa 35,000, na jamaa yetu mwenye watu 5 ameokoa 175,000.

Lakini angalia jambo moja. Viti 45 tu vikijaa, bei ileile ya basi itagawanywa kwa watu wachache, na kila mmoja atalipa 100,000. Sehemu kubwa ya faida imekwisha! Kwa hiyo siri ya kwanza ya kukodi ni kujaza gari. Tawi lisikodi basi kabla ya kuandika majina na kupokea fedha za viti. Watu wakiwa 12 au 13, wachukue gari dogo la abiria 14. Wakiwa 25, watafute Coaster. Gari kubwa lenye viti vitupu vingi laweza kuwa ghali kuliko stendi.

Siri ya pili ni tarehe. Bei ya tarehe 23 Desemba si bei ya tarehe 17. Katikati ya mwezi bado wako wafanyabiashara wanaokuja Kampala kununua bidhaa za sikukuu, kwa hiyo basi halirudi tupu, na mwenyewe anaweza kupunguza. Hapa kazi ya chama ni kubwa kuliko kutafuta gari. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi likizo ya malipo ya siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi mfululizo, yaani siku 21 kwa mwaka. Wakati wa kuchukua likizo hiyo hupangwa kwa mapatano na mwajiri. Basi halmashauri ya tawi ikae na menejimenti mapema, zamu zipangwe ili kundi moja liondoke tarehe 16, jingine 19, na jingine baada ya mwaka mpya. Mwajiri hapotezi kitu, maana kazi haisimami kwa siku moja. Sisi hatumiminiki stendi sote kwa pamoja kama siafu.

Siri ya tatu ni kupatana kwenda na kurudi kwa wakati mmoja. Januari ni mwezi mgumu kwa wenye magari baada ya wiki ya kwanza. Mwambie mwenye basi: "Utatupeleka tarehe 17, na tarehe 6 utatuleta." Amepata uhakika wa kazi mbili, naye ana sababu ya kushusha bei. Zaidi ya hayo, mfanyakazi hatabaki amekwama kijijini akitafuta nauli ya kurudi huku siku zake za likizo zimekwisha na kazi yake iko hatarini.

Siri ya nne ni maandishi. Neno la mdomo stendi halina thamani. Mkataba uwe wa ukurasa mmoja, uandikwe kwa lugha ambayo sote tunaielewa, na utaje mambo haya: namba ya gari, tarehe na saa ya kuondoka, mahali pa kupandia, idadi ya viti, kiasi cha mizigo kwa kila mtu, nani analipa mafuta, na kwamba gari halitapakia abiria wengine njiani. Itajwe pia kwamba gari likiharibika, mwenyewe ataleta jingine kwa muda uliokubaliwa, ama atarudisha fedha. Suala la mizigo lisidharauliwe. Tunapokwenda tunabeba sukari, magodoro na mabati. Tunaporudi tunabeba simsim, unga wa muhogo na samaki wakavu wa Pakwach. Wengi wamepatana nauli vizuri, kisha wakatozwa upya kwa kila gunia.

Arbuni isizidi theluthi moja ya bei, na salio lilipwe kwa mafungu, fungu la mwisho baada ya kufika. Fedha zisipitie kwa dalali. Mwombe mwenye gari akuonyeshe kadi ya gari na kitambulisho chake, uone kama majina yanalingana. Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Likiwa si la mwenye gari, acha. Kila Desemba wako watu wanaopokea arbuni za magari yasiyo yao, kisha simu zao hazipatikani tena. Na fedha za wanachama zishikwe na watu watatu, risiti zitolewe, na hesabu ibandikwe ukutani ili kila mtu aisome.

Wako pia wenzetu, hasa mafundi na makarani, ambao watu wanne au watano huchanga kukodi gari dogo na kuliendesha wenyewe. Si vibaya, lakini wajihadhari. Kabla ya kuondoka wapige picha gari lote, kila mkwaruzo na kila tairi. Waandike kipimo cha mafuta na kilomita. Waulize kama bima inafuata gari mpaka wanakokwenda, na wao watadaiwa nini gari likigongwa. Gari dogo lenye bei ya chini kwa siku laweza kuwa na malipo ya ziada kwa kila kilomita ipitayo kikomo. Kwa safari ya kilomita 560 kwenda na nyingine 560 kurudi, hayo ndiyo yatakayokuumiza.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko bei. Wako watakaosema kwamba gari zuri ni lile la bei ya chini kabisa. Nawapinga. Tujiulize bei hiyo imepunguzwa wapi. Ikiwa imepunguzwa kwenye faida ya mwenye gari, ni sawa, huo ndio ushindi wa umoja. Ikiwa imepunguzwa kwenye matairi, kwenye breki, ama kwenye usingizi wa dereva, basi hatukupunguziwa kitu. Tutalipa kwa damu.

Barabara yetu ya kaskazini imetufundisha hivyo. Tarehe 25 Mei 2018, wilayani Kiryandongo, basi liligonga trekta na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Usiku wa tarehe 22 Oktoba 2025, katika wilaya hiyohiyo, mabasi mawili yaliyokuwa yakiyapita magari mengine yaligongana uso kwa uso, na zaidi ya 40 wakafa. Nyuma ya kila hesabu kama hiyo wako watoto waliokuwa wakingoja mtu nyumbani.

Kwa hiyo tuweke na masharti ya usalama katika mkataba. Safari iwe ya mchana. Gari likiondoka Jinja saa kumi na moja alfajiri, likienda kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa na kupumzika njiani, litafika Arua jioni kabla ya giza. Anayekuahidi kufika kwa saa 7 anakuambia, bila kujua, kwamba atavunja sheria, maana kilomita 560 kwa saa 7 ni 80 kila saa bila kusimama hata mara moja, wala kupunguza mwendo ndani ya Kampala. Madereva wawe wawili. Fundi mmoja wa tawi, na mafundi tunao wengi, alikague gari siku moja kabla: matairi, breki, taa, mikanda. Leseni ya kubeba abiria na bima ziangaliwe tarehe zake.

Tukumbuke vilevile kwamba dereva na utingo ni wafanyakazi wenzetu. Wiki ya Krismasi wengi wao husukumwa kwenda na kurudi bila kulala, kwa sababu kila safari ni fedha kwa mwenye gari. Tukidai dereva apumzike, tunatetea maisha yetu na haki yake pia.

Najua yatakayosemwa. Wengine watasema chama si kampuni ya mabasi. Ni kweli, na sisemi chama kinunue basi hata moja. Nasema kitumie nguvu yake iliyopo, yaani idadi ya watu wake, kupatana na wenye magari. Wengine watasema fedha zitaliwa. Hofu hiyo ina sababu, na dawa yake ni risiti na hesabu ya wazi, si kukaa bure.

Na tusiishie hapo. Sheria ileile ya 2006 inamtaka mwajiri amrudishe kwao, kwa gharama yake, mfanyakazi aliyemchukua umbali wa zaidi ya kilomita 100, kazi inapokwisha. Kama sheria inatambua kwamba umbali ni mzigo siku ya mwisho ya kazi, kwa nini tusidai katika mkataba wetu wa pamoja msaada wa usafiri wakati wa likizo, angalau mwajiri atoe lori la mizigo au achangie mafuta? Hoja hiyo iingizwe katika majadiliano yajayo.

Ndugu wafanyakazi, kidole kimoja hakivunji chawa. Kila tawi liitishe mkutano mwezi Septemba, lichague kamati ya usafiri ya watu watatu, mmoja wao awe mama anayejua taabu ya kusafiri na watoto. Oktoba majina yaandikwe na bei ziulizwe kwa wenye magari wasiopungua watatu. Novemba mkataba utiwe sahihi. Desemba twende kwetu tukiwa tumekaa vitini, mshahara ungali mfukoni, na Januari sote turudi salama kazini.

Umoja ni nguvu, hata stendi ya mabasi.