Macho ya Mama Si Sadaka ya Kuteketezwa



Kongwa yetu inajulikana ulimwenguni kwa mambo mawili. La kwanza ni mpango wa karanga, ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, baada ya matrekta kushindwa na ardhi ngumu na ukame. La pili halisemwi sana majukwaani: ni macho. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wamefanya utafiti katika vijiji vyetu juu ya trakoma, ambayo wengi twaiita vikope. Matokeo ya kazi yao yamesomwa na madaktari wa nchi nyingi. Sisi wenyeji ndio tusioyasoma, labda kwa sababu yanatushitaki.

Yanatushitaki kwa jambo gani? Vijidudu vya trakoma hukaa hasa katika macho ya watoto wadogo. Huenezwa kwa mikono, kwa nguo za kufutia uso, na kwa nzi watuao kwenye matongotongo na makamasi. Mtu anayeambukizwa tena na tena hupata makovu upande wa ndani wa ukope. Miaka ikipita, ukope hujikunja, na nywele zake huikwaruza mboni kila anapopepesa, mpaka nuru ya jicho inazimika.

Sasa tuulize: ni nani anayeambukizwa tena na tena? Ni yule anayempakata mtoto, anayelala naye, anayemfuta uso kwa upindo wa kanga yake. Utafiti uliofanyika hapa Kongwa, na kuchapishwa mwaka 1993, ulionyesha kwamba wanawake wanaolea watoto wadogo hupatwa na ugonjwa huu zaidi kuliko wanawake wasiolea. Shirika la Afya Duniani nalo linasema kwamba trakoma huwapofusha wanawake hata mara nne zaidi ya wanaume. Jicho la mwanamke halikuumbwa dhaifu kuliko la mwanamume. Linaharibika kwa sababu ya kazi ya ulezi, kazi ambayo wengine tumeikwepa.

Wapo watakaosema: tatizo ni maji. Ni kweli kwamba mvua yetu ni ya msimu mmoja, na wakati wa kiangazi ndoo moja yaweza kugharimu nusu ya siku. Lakini wataalamu walipozungumza na wanavijiji wa Kongwa, walikuta watu wakiamini kwamba kuosha uso wa mtoto kunahitaji maji mengi, hali viganja vichache vyatosha. Walikuta pia kwamba mambo ya nyumba hayaamuliwi na mama peke yake. Basi uso wa mtoto hauoshwi kwa maji tu. Huoshwa kwa muda, kwa nguvu na kwa ruhusa. Mama aliyeamka kabla ya jogoo, akalima, akachota maji, akatwanga na kutafuta kuni, atautoa wapi huo muda? Na huyo asiye na nafasi ya kuosha uso wa mwanawe, ataosha wake lini?

Wengine watasema: dawa zimekwisha kuletwa. Naam, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 Tanzania imekuwa miongoni mwa nchi zinazogawiwa dawa ya trakoma bure. Tunashukuru. Lakini kidonge huua vijidudu vya leo. Hakizuii vya kesho, wala hakinyoshi ukope uliokwisha kujikunja. Ukope huo hunyoshwa kwa upasuaji mdogo wa ganzi, na mgonjwa hurudi kwake. Hata hivyo, wanawake wengi wa Kongwa waliotambuliwa kuwa na hali hiyo walikaa miaka bila kwenda. Sababu tunazijua: umbali, gharama, na nyumba isiyo na mtu wa kuiachia. Mama anang'oa kope zake kwa kibano, anajifunga kitambaa, anarudi jikoni kwenye moshi. Anatusubiri tumwambie kwamba anaruhusiwa kuugua. Hatumwambii.

Badala yake tunamsifu. Nami nakiri kosa langu hapa. Mara ngapi nimesimama madhabahuni na kumsifu mama kwa uvumilivu wake, kana kwamba mateso yake ni pambo la parokia! Mvumilivu hula mbivu, twasema. Huyu mvumilivu wetu haioni hata hiyo mbivu. Sifa isiyopunguza mzigo ni njia ya adabu ya kuuongeza.

Amri ya kupumzika siku ya Bwana haikumsahau mtumishi, wala mgeni, wala mnyama. Ng'ombe wetu wa kulimia hufunguliwa nira jioni. Mama yetu hufunguliwa lini? Tumeamriwa kumpenda jirani kwa kipimo cha nafsi zetu wenyewe. Anayefundishwa kuidharau nafsi yake amenyang'anywa hicho kipimo. Kwa hiyo kujitunza kwa mlezi si anasa ya watu wa mjini, wala si uchoyo. Ni haki yake, na ni faida ya watoto wenyewe: mama akipofuka, binti hutolewa shuleni ili amwongoze kwa fimbo, na huyo binti hurithi mtoto wa mgongoni pamoja na nzi wake.

Mwaka 1998 mataifa yaliazimia kuukomesha upofu wa trakoma ifikapo mwaka 2020. Mwaka ule ulipita, sisi bado; sasa inatajwa 2030. Jirani zetu wa Malawi walithibitishwa mwaka 2022 kuwa wameukomesha kama tatizo la afya ya jamii. Wao si malaika.

Basi tutende. Kwanza, baba mwenye baiskeli, punda au mkokoteni, achote maji yeye. Hakuna mila itakayokufa kwa dumu la maji. Pili, kila jumuiya ndogo ndogo iwatambue kina mama wenye kope zilizojikunja, ipange zamu ya kupika na kulea, na iwasindikize hospitali. Tatu, serikali ya kijiji ihesabu kisima kibovu kuwa dhuluma, si bahati mbaya. Nne, nawe mama: unapomwosha mwanao uso, bakiza kiganja kimoja cha maji. Hicho ni chako. Usimwombe mtu radhi kwa ajili yake.