Umeandika "fix". Fix gani?

Wasee wa kuandika programu, leo mtanichukia. Fungua Git uone ujumbe wa komiti zako, zile sentensi unaacha kila ukihifadhi mabadiliko. "fix". "fix tena". "mwisho kabisa 2". Hiyo ni nini sasa?

Mimi pia nilikuwa hivyo. Hapa Butali niliandikia jamaa wa matrekta ya miwa programu ya kuhesabu tripu za madereva. Usiku mmoja nikaongeza mstari wa kukataa tiketi ya mizani ikiingizwa mara mbili, maana mtandao ukizubaa karani hubonyeza tena. Nikaandika "fix", nikalala. Miezi 3 baadaye nikauona ule mstari, sikukumbuka ni wa nini, nikaufuta. Tripu zikaanza kulipwa mara mbili. Mwenye trekta alipogundua, dereva mmoja akakatwa pesa na kuitwa mwizi.

Usiniambie eti msimbo unajieleza. Unaonyesha ulibadilisha nini. Sababu ulibaki nayo kichwani. Linus Torvalds alianzisha Git mwaka 2005 kwa kazi ya Linux, mradi wa watu wengi ambao hawajawahi kuonana. Wangeelewanaje na "fix"?

Eti huna muda? Buda, status zako ni aya tatu. Andika: "Kataa tiketi iliyorudiwa, karani hubonyeza mara mbili mtandao ukiwa polepole." Mkulima huku hawezi kukubali karatasi ya mizani iliyoandikwa "tumepima" tu.

(Na kabla mseme niliacha chuo: hata huko hakuna aliyenifunza hii.)

Nilikiri kwa mwenye trekta, pesa zikarudishwa. Yule dereva hadi leo hapokei simu zangu.