Kituo cha wageni Bukoba kitamlipa nani?

BUKOBA haina reli, lakini kahawa yake imepanda treni kwa miaka mingi. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, mazao ya ng'ambo hii ya ziwa yalipata njia ya kwenda pwani: meli kwanza, kisha behewa. Mwaka 1928 njia ya Tabora hadi Mwanza ilipokamilika, ukafunguka mlango wa pili, wa Dar es Salaam.

Historia hiyo ni mtaji kwa yeyote atakayetaka kujenga kituo cha wageni bandarini. Nairobi walishafanya hivyo, makumbusho yao ya reli yakafunguliwa mwaka 1971. Huko mgeni huona vichwa vya treni vya mvuke na behewa ambamo simba alimnyakua Charles Ryall, ofisa wa polisi wa reli, pale Kima mwaka 1900. Bukoba haina simba wa kusimulia. Ina kahawa.

Hesabu inaanzia hapo. Kilo moja ya kahawa ya maganda hutoa takriban nusu kilo ya kahawa safi, na ikikaangwa hubaki kama gramu 400. Kwa gramu 10 kila kikombe, hivyo ni vikombe 40. Mkulima wa Kitendaguro huuza kilo, vikombe 40 vinauzwa na mwingine. Tiketi ya mlangoni italipa mlinzi na umeme. Faida iko kwenye kikombe na pakiti, pamoja na ile kahawa ya kutafuna ambayo Wahaya humkaribishia mgeni.

Kwa hiyo swali la nani atauza kahawa lisingoje jengo liishe. Mgahawa ukipewa mpangaji bila sharti la kununua kwenye vyama vya msingi, mkulima ataambulia picha yake ukutani. Sharti likiwepo, na malipo yakitoka kabla ya msimu, huenda baadhi wakaachana na butura, yaani kuuza kahawa ingali maua kwa bei ya kutupa kwa sababu ya shida za nyumbani.

Lipo pia suala la saa. Meli ya MV Victoria, iliyorejea majini mwaka 2020 baada ya ukarabati, huchukua abiria 1,200, na safari ya kutoka Mwanza ni ya usiku. Abiria hushuka alfajiri, wengi wao wafanyabiashara wenye mizigo na haraka, si watalii. Kituo kitakachofunguliwa saa tatu asubuhi kitawakuta wameshaondoka.