Usingizi, huzuni na chungu cha nyumbani



Mwezi huu ninajibu ulizo la mama mmoja wa Likasi. Bwana yake anafanya posti ya usiku ku mugodi. Ni miezi mingi sasa, akirudi asubuhi hapati usingizi. Anakasirika juu ya kitu kidogo, anakaa kimya, watoto wanamuogopa. Mtu mmoja anayetembeza dawa sokoni alimwonyesha mama huyu kichupa cha vinini, akamwambia: "Mama, humu ndani kuko asidi amino ya kuleta usingizi na furaha." Bei yake ni sawa na maharagi ya nyumba nzima kwa wiki tatu. Mama anauliza: ninunue ao nisinunue?

Mama, nunua maharagi. Lakini haifai kumupa mtu jibu bila sababu yake, basi tuketi kidogo tuelewane.

Yule muuzaji hakusema uongo mtupu. Vyakula vya kujenga mwili, vile tunaviita protini, vimefanywa na vipande vidogo vinavyoshikana, sawa matofali katika ukuta. Vipande hivyo ndivyo asidi amino. Viko vya namna makumi mawili, na katika hivyo tisa mwili wetu hauwezi kuvitengeneza wenyewe. Vinapashwa kutoka ku sahani. Kimoja kinaitwa triptofani. Kwa hiyo triptofani ubongo unafanya serotonini, inayosaidia moyo kutulia, na usiku serotonini inageuzwa kuwa melatonini, inayoambia mwili kwamba giza limeingia. Ndiyo maana watu wanauza triptofani katika vichupa.

Sasa tuje ku bukari. Ninajua ninagusa kitu cha heshima, maana katika inchi yetu mtu asiyekula bukari anasema hajakula. Bukari inashibisha na inatia nguvu, siisemi vibaya. Lakini mahindi yako na triptofani kidogo. Tena kuko vitamini moja, niasini, ambayo mahindi yanaifungia ndani yake hata tumbo haliwezi kuifungua vizuri. Mwili ukikosa niasini unajaribu kuitengeneza kwa njia ya ile triptofani, na inaomba kama miligramu 60 za triptofani kupata miligramu 1 tu ya niasini. Basi mtu wa kula bukari na majani kila siku, bila kitu kingine, ni sawa mfanyakazi wa mshahara mdogo ambaye deni linakata mshahara mbele haujafika nyumbani.

Mahali watu walifikia mwisho wa njia hiyo, ugonjwa wake ulipewa jina pelagra. Ngozi inaungua pale jua linapopiga, ku shingo, ku mikono, ku miguu. Tumbo linaharisha. Akili inapotea, na mtu asipotunzwa anakufa. Lakini mara nyingi, mbele ngozi haijaanza, mgonjwa anakosa usingizi, anahuzunika, anakasirika bure. Huko kusini mwa Marekani pelagra iliua maelfu ya watu mwanzoni mwa miaka ya 1900. Wengi walisema ni ugonjwa wa kuambukiza. Mnamo 1914 munganga Joseph Goldberger alitumwa kuuchunguza, akaona katika nyumba za mayatima kwamba watoto wanagonjwa lakini watumishi wenye kuwalinda hawagonjwi. Akaongeza maziwa, nyama, mayai na vyakula vya jamii ya maharagi ku sahani za watoto, na pelagra ikawaacha.

Si mambo ya wazungu tu. Mnamo 1990, wakimbizi wa Musumbiji walikuwa ndani ya Malawi, wakipewa unga wa mahindi. Karanga walizokuwa wakipata zilikatwa. Katika miezi michache wagonjwa wa pelagra walipita 17.000. Fikirini: karanga tu! Kitu kile mama anachouza kwa kakopo pembeni ya njia. Na wenyeji wa Mexico, wenye mahindi ya asili, tangu zamani wanayapika na chokaa, na ile niasini inafunguka. Mahindi yalivuka bahari kuja kwetu, lakini hekima ya mapishi haikupanda mashua pamoja nayo.

Sisemi kila mwenye kukosa usingizi yuko na pelagra, hapana. Ninasema hivi kwa sababu sisi wachungaji tunaitwa katika nyumba ambamo baba hasemi tena na mtu, hana usingizi, na jamaa wanatafuta nani amemuloga. Mara na mara kidole kinaanguka juu ya mtoto ao mjane. Mbele ya kumuonyesha mtu kidole, ulizeni: katika wiki hii nyumba hii imekula nini zaidi ya bukari na matembele? Elia, alipoomba kufa pale chini ya mti, alilala, akapewa mkate na maji, akalala tena, akapewa tena, na nyuma yake ndipo akasemeshwa juu ya kazi yake.

Sasa hesabu. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 4 za triptofani kwa kila kilo ya mwili wake, kwa siku. Mwenye kilo 60 ni miligramu 240. Yai moja linaleta kama 80. Maharagi ya kupikwa, sahani ya gramu 200, yanaleta karibu 200. Karanga kiganja kimoja, gramu 30, ni kama 75. Ndagala za kukausha ziko na nyingi sana, hata kidogo tu katika sombe inasaidia. Lakini unga wa mihogo karibu hauna kitu. Wenye kuchanganya mihogo mingi katika bukari ili meka ya unga ifike mwisho wa wiki, wajue wanahitaji kitoweo zaidi, si kidogo.

Kinini kimoja cha duka kinaweza kuwa na miligramu 500, hata 1.000. Mwili hauombi vile. Na kuko habari ya kukumbuka: mwaka 1989, huko Marekani, watu waliokuwa wakimeza vinini vya triptofani juu ya usingizi na huzuni walianza kuumwa misuli kwa ukali, damu ikaharibika. Wagonjwa walipita 1.500, na zaidi ya 30 walikufa. Vinini vilivyoleta mateso vilitoka hasa kwa mtengenezaji mmoja. Ikiwa kule kwenye ukaguzi mambo yalifika hapo, je, kichupa cha sokoni kilichokaa ku jua, bila mtu kujua kimetoka wapi? Tena mwenye kupewa na munganga dawa za huzuni asiongeze hivyo vinini kwa siri. Vikikutana, serotonini inaweza kupita kipimo, na mtu akatetemeka, akapata homa kali, akafa.

Lakini mama, usimpe baba mayai manne leo ukingoje asinzie. Chakula hakifanyi kazi ya kinini cha usingizi. Triptofani inaingia ku ubongo kwa mlango mmoja pamoja na asidi amino zingine, na zote zinasukumana. Hata ndizi wanayoisifu, kweli iko na serotonini, lakini serotonini ya ku tumbo haivuki kufika ku ubongo. Faida ya maharagi inakuja pole pole, wiki kwa wiki.

Kwa posti ya usiku kuko mambo mengine. Jua la asubuhi linafukuza melatonini, basi baba arudi akiwa amevaa kofia, na dirisha lifungwe na kitambaa kizito. Kahawa ya saa kumi ya usiku aiache. Lutuku inaangusha mtu, lakini usingizi wake haupumzishi, saa mbili amekwisha kuamka na kichwa kinagonga. Na watoto wachezee kwa jirani.

Kama wiki mbili, tatu zinapita hivyo, ao akianza kusema maneno ya kufa, msingoje maharagi. Pelekeni baba ku lopitali, na mtu alale karibu naye.

Mama aliuliza pia juu ya soja, ikiwa kweli inafaa. Inafaa sana. Lakini soja mbichi inazuia tumbo kuvunja protini, kwa hiyo ikaange vizuri hata harufu ya karanga itoke, kisha saga. Changanya kopo nne za unga wa mahindi na kopo moja ya soja. Kwa uji wa watoto ni vizuri kabisa. Kwa bukari anza na kidogo, maana wababa wengine wakisikia ladha imegeuka wanasukuma sahani.