Usiulize bei kwanza, uliza saa

KIBARAZA CHA JUMATANO
Na Salum Kitwana

Dada yangu ana steshenari Mbagala, mkabala na shule ya sekondari. Kila asubuhi akishafungua milango hubonyeza swichi ya kompyuta, kisha anashika ufagio. Anafagia ndani, anafagia barazani, anamwagia vumbi maji, anapanga rimu za karatasi. Akirudi, kompyuta bado inazungusha viduara vyake. Wanafunzi wenye fomu wameshajipanga mlangoni, na hakosi mmoja wa kusema, "Anti, si uizime uiwashe tena?"

Niliipima kwa saa ya simu. Kutoka kubonyeza swichi mpaka barua kufunguka kwenye Word: dakika 6 na sekunde 40. Shemeji alikuwa ameshatoa hukumu kwamba mashine imezeeka, inunuliwe nyingine, na duka moja lilishamtajia laki 6 na nusu kwa ya mtumba. Nikamwomba anipe wiki.

Mashine yenyewe ni Dell OptiPlex 7010, toleo la 2012, lile kasha jeusi ambalo sisi wote tunaliita "sipiyu" japo sipiyu halisi ni kidude kidogo tu kilicho ndani. Ina i5 na ramu ya GB 8. Kwa kuchapa fomu na kuskani vyeti, uwezo huo unatosha na chenji inabaki. Kilichochoka ni diski. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na kijimkono kinachokwenda huku na huko kusoma. Windows inapowaka inaita maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, na kwa kila moja mkono unaondoka, unafika, unangoja sahani izunguke. Ni kama mtoto unayemtuma dukani kitu kimoja kimoja: karudi na chumvi, unamwambia kitunguu, kaleta kitunguu, unakumbuka nyanya. Hata awe na mbio kiasi gani, mboga itachelewa kuiva.

Dawa yake ni SSD, diski isiyo na sahani wala mkono. Ni chipu tupu, ndugu yake fleshi tunayotembea nayo mfukoni, ila huyu amesoma zaidi. Faili ambalo diski ya sahani inalifikia kwa milisekunde kumi na kitu, SSD inalifikia kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja. Siri yote iko hapo. Zile MB 500 na ushee kwa sekunde zinazopambwa kwenye boksi hazimhusu sana mtu wa steshenari.

Kariakoo nikamkuta kijana anayechinja laptopu zilizovunjika vioo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una SSD ya mtumba?"

Akanitolea Samsung 850 EVO ya GB 250. "Hii bado mpya kabisa, mzee. Elfu 35." Nilipomwambia aichomeke tuone saa zake, alinitazama kama niliyemdai cheti cha ndoa.

Diski hujiandikia shajara: imewashwa saa ngapi, imeandikiwa data kiasi gani, imepata hitilafu gani. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo inaisoma kwa dakika moja. Ile "mpya kabisa" ilikuwa imefanya kazi saa 9,412, yaani zaidi ya mwaka mzima bila kuzimwa, na imeandikiwa TB 18. Samsung waliidhamini diski ya ukubwa huo kwa TB 75, kwa hiyo hata robo haijafika. Dada akiandika GB 10 kila siku, kiasi ambacho hakifikii hata msimu wa fomu za vyuo, kilichobaki kinampeleka miaka 15. Kijana alikuwa ameongopa kuhusu upya, lakini kuhusu uzuri alisema kweli. Nikamlipa.

Na hapa niseme langu. Kati ya SSD ya mtumba ya kampuni inayojulikana niliyoona saa zake, na mpya isiyo na jina iliyofungwa kwenye nailoni, mimi nachukua ya mtumba. Gari tunaangalia kilomita, pikipiki tunasikiliza injini. Kwa diski tunaitikia tu neno la muuzaji.

Usiku nikafungua kasha. Kishikizo cha kufungia diski ndogo hakikuwepo; nikaibandika kwa gundi ya pande mbili, maana kisichozunguka hakitikisiki. Waya wa data nao ulipungua, nikanyofoa wa DVD. Nani siku hizi anakuja steshenari na DVD?

Kabla ya kupiga Windows nikachungulia kilichomo, na hapo nikasikia aibu isiyo yangu. Barua za kuomba kazi, picha za harusi, vitambulisho vya NIDA vya watu wanne vilivyoskaniwa, na faili moja lililoandikwa "password". Mwenye laptopu hiyo bila shaka alijua ina nenosiri akajiona salama. Nenosiri la Windows ni kufuli la mlango wa mbele. Ukiitoa diski na kuichomeka kwenye mashine nyingine, umeingia kwa uani, labda iwe ilisimbwa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, tunayo na Tume yake, lakini meza za Kariakoo hazijasikia habari hizo. Nikaifuta kwa ile amri iliyo ndani ya diski yenyewe. Kuandika juu ya data za zamani hakutoshi, kwa sababu SSD huzihamisha hamisha, na kipande kinaweza kubaki usikokujua.

Asubuhi dada akabonyeza swichi, akageuka kuchukua ufagio. Nikamwambia aangalie. Sekunde 27. Akaizima akaiwasha tena, akidhani nimemfanyia mazingaombwe.

Sikumdanganya kwamba mashine imerudi ujana. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali rasmi i5 ya umri huo. Hakuna SSD inayotibu hilo. Nilimshauri ahamie mfumo wa Linux Mint, akaniuliza kama wateja watazikuta fonti zao. Tumeafikiana nusu nusu: mashine hiyo haigusi mambo ya benki. Diski ya zamani nimeiacha humo humo iwe ghala la nakala, kwa sababu SSD ikifa mara nyingi haiagi. Ile ya sahani walau hukoroma kwanza.

Jumamosi nilirudi kwa yule kijana. Nikamwambia kuhusu vitambulisho, akashika kichwa. Tangu siku hiyo anasema anafuta kabla ya kuuza, na namwamini. Nikamshauri jambo la pili: kwa nini asibandike plasta kwenye kila diski na kuandika saa zake kwa kalamu? Wenye macho wangemfuata yeye.

Akacheka. "Mzee, nikiandika yangu ina saa elfu tisa, ya jirani ambayo haijaandikwa itaonekana haina hata moja."

Jirani, ambaye alikuwa anatusikiliza muda wote, akainamisha kichwa akaendelea kufungua skrubu. Mezani kwake palikuwa na SSD sita. Nikamwomba anichomekee moja tuione.

"Kompyuta ya kupimia imeharibika," akasema.