Lipa Arbuni ama Tafuta Binamu Mwenye Simu

Bodaboda wa Minjila hawashi pikipiki kama hujampa ya mafuta. Fundi cherehani hakati kitambaa bila kitu mkononi. Fundi wa nyumba ndio usiseme, saruji unanunua wewe kabla hajashika mwiko. Hakuna anayelia ati ameonewa. Lakini mimi wa kamera nikisema "tuma nusu tufunge tarehe," ghafla nina tamaa. "Kijana, hutuamini? Si wewe ni wa hapa hapa?"

Ndio, ni wa hapa hapa. Ndio maana nimechoka.

Mwaka jana nilichukua harusi moja hapa Garsen kwa maneno matupu, 18,000. Nikapanda gari mpaka Malindi, zaidi ya kilomita 100, nikakodi lenzi na taa. Kazi nyingine ya tarehe hiyo nikaikataa. Siku mbili kabla, meseji inaingia: "Kuna binamu anakuja na simu poa, usijali." Usijali! 6,500 yangu imeenda na maji, na tukikutana sokoni ananisalimia kama kawaida.

Tuambiane ukweli. Mteja anayekataa kutanguliza pesa anataka umkopeshe. Nauli yako, bando lako, usiku wako wa kukata video, yote ni mkopo bila riba mpaka siku atakayojisikia kulipa. Benki haimfanyii hivyo. Afanyiwe na kijana ambaye hata kamera si yake?

Na msiniambie haya ni mambo ya Nairobi. Arbuni ni neno la wazee wetu wa pwani. Ukilitoa, mali imewekwa jina lako. Kilichobadilika ni chombo tu. Siku hizi naandika kadirio kwenye programu ya ankara, ziko za bure, naweka asilimia 50 kabla, naituma WhatsApp. Akikubali analipa M-Pesa, kadirio linageuka ankara na salio linabaki wazi. Mjomba hawezi kubishana na karatasi. Mimi naona aya kumdai, karatasi haioni.

Sasa na sisi tujiseme. Kuna wasee wa poster na video wanakula arbuni halafu wanazima simu. Nyinyi ndio mmefanya wateja waogope, na mnatuharibia wote. Ukichukua pesa ya mtu, andika: kazi gani, tarehe gani, na ukishindwa wewe unarudisha yote. Usiongeze bei njiani pia. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 hairuhusu bili kupita kadirio kwa zaidi ya asilimia 10.

Na sisi wa Tana tuandike la mto. Novemba 2023 mafuriko yalikata barabara ya Garsen kwenda Lamu. Mambo kama hayo yakitokea, arbuni ihamie tarehe mpya, mtu asile hasara ya mvua peke yake.

Hiyo ndiyo imani: wote wawili tuna kitu cha kupoteza. Ile ya "wewe ni mtoto wa nyumbani" mwenye kupoteza ni mtoto wa nyumbani pekee.

Kwa hiyo Desemba hii, kama hujatuma nusu, tarehe yako haiko kwangu. Binamu yuko. Muulize kama simu yake inaona usiku.