Michezo ya Bure: Ya Mkono Mkunjufu na ya Ndoana

Juzi, baada ya sala ya isha, nilikuwa nimekaa kibarazani kupunga upepo, na simu yangu i mikononi mwa mjukuu wangu wa miaka 9. Alikuwa akicheza mchezo mdogo wa kupanga nambari, jambo lisilo na dhara wala lawama. Mara akanijia mbio na kuniuliza: "Babu, hapa wasema nimepewa shilingi 100 za bure. Nizipokee?"

Nikatwaa simu, nikavaa miwani. Kumbe katikati ya mchezo palikuwa pamechomoza tangazo la kamari, rangi zake zametameta na kindege chapaa, nalo limepambwa hata mtoto asiweze kujua mchezo wake umeishia wapi na kamari imeanzia wapi. Nikamwambia, "La, baba, usizipokee," nami nikaufunga ukurasa. Lakini swali lake silo la kufungwa kama ukurasa. Ni bure gani ile?

Neno "bure" katika lugha yetu lina sura mbili. La kwanza ni kitu kisichokuwa na bei. La pili ni jambo lisilokuwa na faida. Wazee wengi, wanapowaona vijana wameinamia simu, huzitia sura hizo mbili katika kapu moja, kisha wakaongezea na kamari juu yake, wakasema yote ni upotevu. Kwa heshima zote, mimi nawapinga. Ipo michezo ya bure iliyotolewa kwa mkono mkunjufu, na ipo iliyotundikwa katika ndoana. Asiyejua kuipambanua atamkataza mwanawe iliyo mizuri, na iliyo mibaya itamwingilia kwa mlango wa nyuma.

Wala sineni kwa kusikia. Mimi mwenyewe ni mchezaji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa nikienda katika maduka ya intaneti mjini Mombasa, yale tuliyoyaita saiba, kupeleka makala gazetini. Tukilipia kwa dakika, na kila kando yangu palikuwa na vijana wakiendesha magari na kurusha mipira ndani ya kurasa za intaneti. Kwanza niliwaonea huruma kwa kupoteza shilingi zao. Siku moja barua yangu ilikawia kwenda, nikajaribu mchezo mmoja kwa kuua wakati, na tangu siku hiyo sikuwaonea huruma tena.

Michezo ninayoisemea ni ile inayochezwa ndani ya kivinjari, yaani kile chombo cha kufungulia kurasa za intaneti. Haina haja ya kupakuliwa wala kuwekewa nafasi katika simu. Wafungua ukurasa, mchezo uko mbele yako. Waufunga, nao umekwenda zake. Kwa mwenye simu ya bei nafuu na bando la kupimia, hilo si jambo dogo.

Wa kwanza nitakaousifu ni Wordle. Ulitungwa na Josh Wardle, mhandisi mzaliwa wa Wales aliyekuwa akiishi New York, naye aliutunga kwa ajili ya mwenziwe aliyependa mafumbo ya maneno. Aliwafungulia watu wote mwezi wa Oktoba 2021. Tarehe 1 Novemba mwaka huo wachezaji walikuwa 90. Tarehe 2 Januari 2022 walikuwa wamepindukia 300,000. Kazi yako ni kulibuni neno la Kiingereza la herufi 5 kwa majaribio 6. Herufi iliyo mahali pake huwa ya kijani, iliyomo lakini si mahali pake huwa ya manjano, na isiyokuwemo huwa ya kijivu. Watu wakapelekeana vile visanduku vya rangi bila ya kulitaja neno lenyewe, asije mtu akamharibia mwenziwe fumbo. Hiyo ni adabu ya kitendawili, na sisi twaijua.

Lakini hekima ya mchezo huo si rangi. Hekima yake ni kwamba neno lilikuwa moja tu kwa siku. Ulipate au ulikose, mchezo wakwambia: nenda zako, njoo kesho. Mtungaji hakuweka tangazo wala hakuomba senti. Mwisho wa Januari 2022 gazeti la The New York Times liliununua kwa bei isiyopungua dola milioni 1, nalo likaendelea kuwatolea watu neno la kila siku. Mtu aliyetoa bila ya kudai akalipwa na asiyemtarajia.

Wa pili ni 2048. Huo ulitungwa Machi 2014 na kijana wa Kitaliano wa miaka 19, Gabriele Cirulli, kwa siku mbili tatu za mwisho wa juma. Ubao wake una nyumba 16. Wazisukuma nambari: 2 na 2 zikikutana huwa 4, 4 na 4 huwa 8, na kadhalika hata ufike 2048. Atakayedhani ni rahisi na ajaribu! Aliyesoma ile hadithi ya kale ya mtu aliyemwomba mfalme punje za nafaka juu ya ubao wa sataranji, moja nyumba ya kwanza, mbili ya pili, nne ya tatu, ataujua mchezo huu mara moja. Kwani punje 2048 huangukia nyumba ya 12, na sataranji ina nyumba 64. Mimi jasho lilinitoka kufika hapo, na yule mfalme bado alikuwa na nyumba 52 za kujaza. Hapo mtoto hujifunza hesabu bila ya kuchapwa.

Hata hivyo haki nayo isemwe. Mwezi mmoja kabla yake ulikuwa umetoka mchezo wa kulipia uitwao Threes, wa namna hiyo hiyo, ambao wenyewe walihangaika nao zaidi ya mwaka. Walipouona wa bure umeenea dunia nzima walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa na uzito. Cirulli naye hakuficha kwamba alijenga juu ya kazi za waliomtangulia, na hakuufungia mchezo wake: aliziweka wazi amri zake zote ili kila atakaye asome na kunakili. Basi bure ya mmoja yaweza kuwa hasara ya mwingine. Tusisahau hilo tunapofurahia.

Wa tatu ni wa kuchekesha. QWOP ulitolewa mwaka 2008 na Bennett Foddy, mwanafalsafa wa Kiaustralia. Wamwendesha mkimbiaji wa mita 100 kwa vibonye vinne: Q na W ni mapaja, O na P ni miundi. Sisi Wakenya wenye sifa ya mbio duniani, nilidhani heshima ya taifa i salama mikononi mwangu. Hatua ya pili mkimbiaji wangu alikuwa amelala chali. Nilicheka hata machozi, kisha nikatambua kwamba tangu utotoni sijapata kumshukuru Mola kwa neema ya kutembea bila ya kufikiri.

Wa nne nautaja kwa tahadhari. Cookie Clicker ulitolewa Agosti 2013 na Mfaransa Julien Thiennot. Wabonya biskuti, wapata biskuti. Kwa biskuti hizo wawanunua mabibi wa kukuokea biskuti zaidi, kisha mashamba, kisha viwanda. Mtungaji alifanya mzaha, kana kwamba awaambia watu, tazameni jinsi tulivyo wepesi wa kufurahia tarakimu zikipanda. Lakini hauna mwisho, na ukurasa ukiachwa wazi biskuti zaendelea kuzaana zenyewe. Nakiri kwamba usiku mmoja niliiacha kompyuta ikiwaka, na alfajiri, kabla hata sijaushika udhu, nilikwenda kwanza kutazama biskuti zangu zimefika ngapi. Nikajionea haya. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Kutokana na hayo nimejipatia kipimo, nacho nawapa wasomaji wakitumie nyumbani. Usiulize kwanza mchezo una bei gani. Uliza: je, mchezo huu wakuacha uondoke? Wazee wetu waliocheza bao, dama na dhumna barazani walikuwa na kipimo hicho bila ya kukiandika. Bao lilikuwa na mwisho, mshinde akitaniwa na mshindi akisifiwa, na adhana ikilia kila mtu akikung'uta kikoi chake akaondoka. Mchezo mzuri wa kivinjari ni vivyo hivyo: una mpaka, una adabu, na hauna kinyongo ukiufunga.

Mchezo wa ndoana si hivyo. Huo huanza kwa zawadi, kisha hukuwekea saa, kisha hukuuzia dakika, kisha hukwambia wenzio wamekupita. Na wa mwisho katika ukoo huo ni kamari yenyewe, ambayo kwetu Waislamu haina mjadala, na kwa asiyekuwa Mwislamu hasara yake yaonekana kwa macho. Aprili 2025 bodi ya serikali ya Kenya iliyokuwa ikisimamia kamari ilisimamisha matangazo yake yote kwa siku 30. Ilikuwa hatua ya kushukuriwa, lakini siku 30 ni mwezi mmoja, na malezi ni ya miaka. Lile tangazo lililomjia mjukuu wangu halikupitia redioni wala gazetini. Lilipenya ndani ya mchezo wa mtoto, mahali ambapo mzazi hana desturi ya kutazama. Wahenga walisema rahisi ghali, nami naongeza kuwa ghali mno ni ile unayolipiwa na mwanao bila ya wewe kujua.

Kwa hivyo nasema na wazazi: kaeni nao wacheze mbele yenu. Jaribuni wenyewe. Mzazi aliyecheza dakika kumi atatambua mengi kuliko aliyekemea mwaka mzima, na neno lake litasikizwa kwa sababu ni neno la mjuzi.

Nina neno pia kwa vijana wanaojifunza kuandika programu, nao ni wengi pwani hii siku hizi. Michezo niliyoisifu haikujengwa kwa mali nyingi. Mmoja ulijengwa na kijana wa miaka 19 mwisho wa juma. Mbona watoto wetu wabuni maneno ya Kiingereza peke yake? Ila nawausia msinakili kwa upofu. Kiswahili si lugha ya kuhesabu herufi. Maneno yetu karibu yote huishia irabu, basi mchezo wa herufi 5 ukiuleta kama ulivyo, kisanduku cha mwisho kitakuwa nusu yake kimefichuka kabla hujaanza. Hesabuni kwa mizani, kama washairi wetu walivyohesabu tangu kale. Kitabu ni visanduku vitatu: ki, ta, bu. Ng'ombe ni viwili tu, hata kama herufi zake ni sita na ushee. Mwekeeni mchezaji neno moja la mizani minne kwa siku, la kale au la sasa, na akishalipata mwambieni maana yake, kisha mwacheni aende zake. Mtoto atakayecheza mwaka mzima atakuwa ameonja maneno 365, na mengine hata babaye hayajui.

Na mkishatunga, hifadhini, kwani kitu cha bure hakina mlinzi. Ile michezo ya saiba niliyoitaja, mingi ilijengwa kwa programu iitwayo Flash, iliyotoka mwaka 1996. Kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na vivinjari vikaifungia mlango. Michezo maelfu kwa maelfu ingalipotea kama nyaraka zilizoliwa na mchwa, lau si watu wa kujitolea ambao tangu 2018 walikuwa wakiikusanya katika hazina iitwayo Flashpoint. Wameokoa zaidi ya laki moja ya michezo na katuni. Hawakuajiriwa na yeyote. Hiyo nayo ni bure ya mkono mkunjufu.

Mjukuu wangu ameniuliza tena jana kama aweza kucheza. Nimempa simu, nimekaa kando yake, naye amenishinda mara tatu. Ilipolia adhana aliufunga ukurasa kabla sijamwambia. Wakisema mcheza kwao hutuzwa, tuzo langu lilikuwa hilo. Nami namwachia yeye na wenziwe ubeti huu mmoja:

Mchezo ukikuachia, ukanyanyuka salama,
Na moyo ukisikia, adhana, ukasimama,
Huo hauna udhia, wala hauna lawama,
Mchezo unaokushika, huo ndio wa kuhama.